Frederick Jackson: Aliwinda Tana bila leseni, akaishia kusimamia leseni za wageni

KATIKA kijiji cha Kulesa, bonde la chini la Mto Tana, mtu akionekana leo akitoka msituni na swala begani atakuwa amevunja sheria. Haidhuru kwamba babu yake alipita njia hiyo hiyo akiwa na upinde, wala haidhuru kwamba nyama ile ni ya kitoweo cha watoto wake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imepiga marufuku uwindaji wa kitoweo sawasawa na ule wa starehe.

Marufuku hiyo ina historia ndefu, na mwanzo wake haukuwa marufuku hata kidogo. Ulikuwa ni karatasi ya leseni, iliyowekewa bei moja kwa mgeni apitaye, bei nyingine kwa mlowezi aliyekuja kukaa, na mlango mwembamba mno kwa mwenyeji. Miongoni mwa watu waliosimamia karatasi hiyo katika miaka yake ya mwanzo alikuwemo Mwingereza mmoja ambaye mwenyewe aliingia nchi hii kama mgeni mwindaji, wakati ambapo hakuna aliyemdai leseni. Jina lake ni Frederick John Jackson.

Jackson alizaliwa mwaka 1860 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, katika ukoo wenye mali na mashamba. Alisoma shule ya Shrewsbury, kisha Chuo cha Jesus katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hata hivyo, hakuvutiwa na kazi ya ofisini wala ya kanisani, njia ambazo vijana wengi wa tabaka lake walizifuata. Alipenda bunduki, farasi na ndege wa porini. Hao ndege hasa ndio waliomshika moyo hadi kufa kwake.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 24, alifika pwani ya Afrika Mashariki. Rafiki yake, John George Haggard, alikuwa amepelekwa Lamu kuwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza. Huyo alikuwa ndugu ya mwandishi Rider Haggard, ambaye mwaka uliofuata alijipatia sifa kubwa kwa riwaya ya wawindaji wa Kizungu barani Afrika. Jackson alipanga kuwinda na kurudi kwao. Hakujua kwamba angekaa katika sehemu hizi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lamu ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash. Bara, upande wa Witu, alitawala Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, ambaye hakukubali ukubwa wa Zanzibar. Mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kumlinda huyo Simba, na pwani nzima ikawa kama ngoma inayovutwa huku na huku. Kusini mwa Witu ulipita Mto Tana, na kandokando yake vijiji vya Wapokomo vilivyoishi kwa kulima mpunga, mahindi na ndizi katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko. Nje ya msitu wa mto walichunga Waorma. Na katika vichaka vya katikati waliishi Wasanye, wanaojiita Waata, ambao riziki yao ilikuwa upinde na mshale wa sumu.

Hiyo ndiyo nchi aliyoikuta Jackson. Aliwinda bara ya Lamu na katika nchi ya Mto Tana, ambako nyati, nyamera na viboko walikuwa wengi, kisha akaelekea pande za Kilimanjaro. Hakuna ofisi iliyomuuliza ana ruhusa ya wanyama wangapi, wala hakuna Bwana Nyama aliyehesabu pembe zake alipotoka. Kilichohitajika kilikuwa ni baruti, wapagazi, vitambaa vya kubadilishana na vyakula, na watu wa kumwonyesha njia. Hao wa mwisho ndio waliokuwa na thamani kuliko vyote, kwa kuwa mgeni hata awe na bunduki ya namna gani, bila mwenyeji wa kusoma nyayo alirudi kambini mikono mitupu.

Jambo moja lilimtofautisha Jackson na wawindaji wengine wa enzi zake. Aliandika. Kila mnyama na kila ndege aliyemwona alimwekea kumbukumbu ya mahali, tabia na majira. Kitabu kikubwa cha uwindaji kilipotolewa London mwaka 1894, katika mfululizo maarufu wa Badminton, sura za Afrika Mashariki ziliandikwa naye. Kwa wasomaji wa Uingereza, sura hizo zilikuwa kama ramani ya njia. Aliyeijua nchi ya Tana kama mgeni wa peke yake alikuwa amewafungulia mlango wageni wengi.

Kufikia wakati huo maisha yake yalikuwa yameshika mkondo mwingine. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya mfalme mwaka 1888, ilimwajiri kuongoza msafara kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kazi yake ilikuwa kufungua njia ya biashara na kutafuta habari za Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Mnamo Novemba 1889 msafara huo ulikuwa umefika kwa Mumia, katika nchi ya Wawanga. Huko Jackson alipokea barua za Kabaka Mwanga wa Buganda akiomba msaada dhidi ya maadui zake.

Jackson hakwenda Buganda mara moja. Aliacha kambi na kuelekea kaskazini, pande za Mlima Elgon, kutafuta ndovu. Pembe zao zingesaidia kulipia gharama za msafara. Huku nyuma akatokea mtu ambaye Wapokomo walikwisha kumjua kwa uchungu. Mjerumani Carl Peters alikuwa ametua karibu na Lamu katikati ya mwaka 1889, akakwepa manowari za Uingereza, akapita Witu na Ngao, kisha akapanda Mto Tana kijiji baada ya kijiji akichukua chakula kwa mabavu na kuwapiga risasi waliompinga. Alipofika kwa Mumia alizifungua barua za Jackson, akazisoma, akakimbilia Buganda na kutia saini mkataba na Mwanga kabla Mwingereza hajarudi kutoka porini.

Jackson aliporudi kutoka Elgon alikuta mwenzake amekwisha kumtangulia. Uganda nzima ilikuwa karibu kuponyoka kwa sababu ya safari ya kuwinda. Aliyemwokoa hakuwa yeye mwenyewe bali wanasiasa wa Ulaya, ambao kwa mkataba wa Julai 1890 waligawana maeneo, wakampa Mjerumani kisiwa cha Heligoland na kuufuta mkataba wa Peters. Witu na Tana zikaingia upande wa Mwingereza kwa mkataba huo huo. Wenyeji wa sehemu zote hizo hawakuulizwa.

Miaka hiyo ilileta pia msiba ambao Jackson aliushuhudia kwa macho. Ugonjwa wa sotoka uliingia kutoka kaskazini na kufagia ng'ombe wa wafugaji. Haukubagua mifugo na wanyama wa porini. Nyati, ambao aliwazoea kuwaona kwa makundi makubwa, walianguka ovyo. Somo hilo lilikuwa zito kwa mtu aliyedhani pori ni ghala lisilokwisha. Wanyama wangeweza kumalizika, tena kwa muda mfupi.

Mwaka 1894 Serikali ya Uingereza ilipochukua Uganda kuwa himaya yake, Jackson alijiunga na utumishi wa serikali. Alikaa Eldama Ravine, kituo kilichokuwa njia panda ya misafara. Mwaka 1897 wanajeshi wa Kisudani walipoasi, alijeruhiwa vibaya kwa risasi kifuani katika mapigano ya kwa Luba, Busoga. Alipona, na mwaka 1902 akahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, awe naibu wa kamishna.

Wakati anashika nafasi hiyo, uhuru aliokuwa nao yeye mwenyewe miaka kumi na minane nyuma ulikuwa umekwisha. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalikutana London na kutia saini mapatano ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Katika himaya, kanuni za uwindaji zilitolewa, hifadhi zikatengwa, na Blayney Percival akaajiriwa kulinda wanyama. Mwaka 1907 kulikuwa na idara kamili ya wanyama, na mkuu wake wa kwanza alikuwa John Patterson, yule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo.

Msingi wa kanuni hizo ulikuwa kuwagawa watu kabla ya kuwagawia wanyama. Mgeni aliyekuja kwa starehe alilipa leseni ya paundi 50, yaani rupia 750 za wakati ule. Mlowezi aliyekaa nchini alilipa paundi 10 tu, rupia 150, na ofisa wa serikali naye alipunguziwa. Leseni iliandika idadi ya kila aina. Mwenye leseni kubwa ya mgeni aliruhusiwa, kwa mfano, nyati dume wawili, vifaru wawili na viboko wawili. Ndovu walihitaji malipo ya ziada. Simba na chui hawakuhesabiwa, kwa kuwa walionekana kuwa waharibifu wasiostahili kulindwa.

Hoja ya serikali ilieleweka kirahisi. Mgeni ana fedha, hukaa miezi michache na hana shamba la kulinda. Basi alipe zaidi na ahesabiwe. Mlowezi anahitaji nyama na anailinda mimea yake, basi apewe nafuu. Ni mantiki ile ile inayotumika hadi leo katika nchi nyingi ambako uwindaji unaruhusiwa, kuanzia majimbo ya Marekani, ambako mkazi wa jimbo na mtu wa nje hawalipi bei moja kwa paa mmoja, hadi Tanzania, ambako mtalii mwindaji hupangiwa kitalu na idadi ya wanyama.

Kasoro haikuwa katika kumtoza mgeni. Ilikuwa katika jibu la swali la nani anayeitwa mkazi. Mlowezi aliyeshuka melini mwaka jana alihesabiwa kuwa mtu wa nchi. Msanye wa Tana, ambaye mababu zake waliishi kwa nyama ya porini tangu zama zisizokumbukwa, hakuwa na rupia 150, na wala hakuruhusiwa kumiliki bunduki kirahisi. Kanuni ziliacha nafasi kwa watawala kuwaruhusu watu waliotegemea nyama ya porini kwa chakula, lakini ruhusa hiyo ilikuwa hisani ya ofisa, wala si haki. Mkulima wa Kipokomo aliyelala kibandani akilinda mpunga wake dhidi ya viboko alijikuta anaishi jirani na mali ya serikali. Yule aliyekuwa mwonyesha njia wa mgeni sasa aliitwa jangili.

Jackson alikuwa akiijua hali hiyo kuliko wenzake wengi ofisini, kwa sababu alikuwa amekula chakula cha vijiji hivyo na kufuata nyayo za watu hao. Katika suala la ardhi alionyesha kwamba anaweza kusimama upande wa wenyeji. Kamishna Charles Eliot alipotaka kuwagawia walowezi malisho ya Wamaasai katika Bonde la Ufa, naibu wake Jackson alikuwa miongoni mwa maofisa waliopinga. Mvutano huo ulifika London, na Eliot akajiuzulu mwaka 1904. Walakini, katika suala la wanyama Jackson hakuubomoa mpango uliowaweka wenyeji nje ya leseni. Aliamini uchache wa wanyama ndio hatari kubwa, na leseni ndiyo dawa iliyokuwepo.

Saa ya kujaribiwa kwa mpango huo ilifika tarehe 21 Aprili 1909. Siku hiyo meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na mgeni mwindaji maarufu kuliko wote duniani, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani wiki chache tu kabla. Gavana Hayes Sadler alikuwa ameondoka, na aliyekaimu ugavana alikuwa Jackson. Yeye ndiye aliyempokea mgeni huyo na kusafiri naye kwa treni kwenda bara. Kijana wa Lamu wa mwaka 1884 sasa alikuwa bwana wa nyumba.

Roosevelt alikuja na mwanawe Kermit, wataalamu wa jumba la makumbusho la Smithsonian na wapagazi mamia kadhaa, chini ya kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi. Kwa vile alisema anakusanya kwa ajili ya sayansi, alipewa ruhusa zaidi ya ile ya leseni ya kawaida. Hadi safari yao ilipokwisha Sudan mapema mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama wakubwa 512. Baba 296, mwana 216. Hata wawindaji wengine waliona idadi hiyo imepita kiasi.

Safari hiyo iliitangaza nchi kuliko tangazo lolote. Matajiri wa Marekani na Ulaya walimiminika, na leseni zao zikawa pato la kutegemewa. Neno safari lenyewe likaingia katika lugha ya Kiingereza likiwa na maana ya uwindaji. Mwishoni mwa mwaka huo huo sheria mpya ya wanyama ilianza kutumika, ikiendeleza tofauti ya mgeni na mlowezi na kuongeza leseni ndogo ya msafiri apitaye. Katika mwaka huo pia Jackson alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa chama cha wapenda maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda, ambacho mkusanyo wake ulikuwa chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mwaka 1911 aliteuliwa kuwa gavana wa Uganda, nchi aliyokaribia kuipoteza kwa ajili ya ndovu wa Elgon. Alitawala huko hadi 1918, katika miaka ya kilimo cha pamba, ugonjwa wa malale na Vita Vikuu vya Kwanza, akapata cheo cha Sir. Alipostaafu, afya yake ilikuwa dhaifu. Alikufa tarehe 3 Februari 1929 huko Beaulieu-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa.

Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka uliofuata. Kazi yake kubwa ya ndege wa Kenya na Uganda ilikamilishwa na W. L. Sclater na kutolewa mwaka 1938 katika juzuu tatu. Jina lake limebaki pia kwa kinyonga mwenye pembe tatu, kwa kongoni mmoja na kwa ndege kadhaa. Ni wanyama waliojulikana na wenyeji kwa majina yao wenyewe kabla yeye hajazaliwa.

Mpango wa leseni uliishi kuliko yeye. Katika miaka ya 1950 serikali iliendesha operesheni kali dhidi ya Waata wa pande za Tsavo na Galana, wengi wakafungwa kwa kazi waliyofundishwa na baba zao. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudia kuwaajiri wawindaji hao ili wavune ndovu kihalali, lakini haukudumu kama ulivyotarajiwa. Baada ya uhuru wageni waliendelea kulipia leseni na vitalu. Hatimaye ujangili ulishinda hesabu za leseni. Uwindaji wa ndovu ulipigwa marufuku mwaka 1973, na tarehe 20 Mei 1977 Kenya ikafunga uwindaji wote. Mwaka 1978 biashara ya nyara nayo ikafungwa.

Hivyo mgeni na mwenyeji wakawa sawa mbele ya sheria kwa mara ya kwanza, lakini sawa katika kukatazwa. Hata hivyo, mgeni bado hurudi na kamera na kulipa kiingilio, ilhali mkulima wa Tana hubaki na kiboko shambani na mamba mtoni.

Swali la nani mwenye mnyama halijafungwa pamoja na bunduki. Mwaka 1996, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipotaka kuwahamisha swala adimu aina ya hirola kutoka mashariki ya Mto Tana kwenda Tsavo, wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kulizuia, wakidai hirola ni urithi wa ardhi yao. Mahakama iliwasikiliza na kutoa amri ya zuio. Mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ng'ambo ya mto huo huo, hirola 48 walitiwa ndani ya uzio, na ulinzi wao ukaanza mikononi mwa wenyeji.

Jackson alifika Tana katika nchi ambayo mgeni hakuulizwa kitu, akaondoka Kenya akiacha nchi ambayo mgeni huulizwa ana fedha kiasi gani. Swali la tatu, la mwenyeji kuulizwa anataka nini, hakuliuliza. Liliachwa kwa wajukuu wa wale waliomwonyesha njia.